Tamasha la muziki na sayansi lizungumze Kiswahili

Mji wa Cheltenham, magharibi mwa Uingereza, si mji mkubwa, wala si wengi miongoni mwa wasomaji wangu walio na sababu ya kuufikiria. Hata hivyo, ndio ninaotaka tuanze nao leo. Mnamo Juni 1945, majuma machache tu baada ya vita kumalizika barani Ulaya, tamasha la muziki wa kiklasiki lilifunguliwa mjini humo, na mtunzi Benjamin Britten akasimama mwenyewe mbele ya okestra kuongoza kazi yake. Tamasha likaota mizizi. Mwaka 2002 tamasha la sayansi likazaliwa chini ya paa lile lile: mihadhara ya wanafizikia, wanabiolojia na wanahisabati kwa raia wa kawaida, watu walio radhi kununua tikiti ya kumsikiliza mtaalamu wa nyota kama wanavyonunua ya kusikiliza fidla.

Kwa maoni yangu, jambo la namna hiyo ndilo tunalolihitaji nchini Kenya, na tunalihitaji kwa umbo lililoshikana zaidi kuliko la Cheltenham: jukwaa moja, jioni moja, okestra na mwanasayansi mbele ya wanafunzi na wazazi wao. Naongeza sharti moja ambalo yamkini litawaudhi baadhi ya wenzangu wa vyuo vikuu. Mhadhara uwe kwa Kiswahili.

Kwa nini sasa? Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi waliingia Gredi ya 10, kila mmoja na mkondo wake: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, au Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Wizara ya Elimu ilikuwa imekadiria kwamba asilimia 60 wangefuata mkondo wa kwanza, asilimia 25 wa pili na asilimia 15 wa tatu. Sina ugomvi na nia ya kumwacha mtoto afuate kipawa chake. Shaka yangu ni nyingine. Muziki umewekwa katika mkondo wa tatu, fizikia katika wa kwanza, na tayari nawasikia wazazi, na walimu pia, wakizungumza kana kwamba watoto wa mkondo wa kwanza wamejaliwa akili na wale wa tatu wamejaliwa sauti. Kijana wa miaka kumi na mitano akiambiwa hivyo na watu wazima wawili, wa tatu hahitajiki. Atasadiki.

Historia ya elimu haiutambui ukuta huo. Katika vyuo vikuu vya kale vya Ulaya muziki ulifundishwa katika kundi moja na hesabu, jiometria na falaki. Kabla ya vyuo hivyo, katika ulimwengu wa Kiislamu, mwanafalsafa al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, aliandika kitabu kikubwa cha muziki ambamo alieleza kwa uwiano wa hesabu mahali pa kuweka vidole juu ya shingo ya udi. Udi ndio huo huo tunaousikia katika taarabu ya pwani. Aupigaye leo Mombasa anatumia hesabu ya al-Farabi, awe amesikia jina lake au hakulisikia.

Turudi Cheltenham kidogo. Mtunzi Gustav Holst alizaliwa huko mwaka 1874, na kati ya 1914 na 1917 akatunga kazi yake kuhusu sayari, sehemu saba kwa okestra kubwa. Dunia yetu hakuitia. Pluto nayo haimo, kwa kuwa haikugunduliwa hadi 1930. Kisha mwaka 2006 wanafalaki wakaiondoa katika hesabu ya sayari, na orodha ya Holst, ambayo ilikuwa imepitwa na wakati kwa miaka 76, ikarudi kuwa sawa bila yeye kuinua kalamu. Ni haki kusema kwamba Holst aliwaza zaidi tabia za watu zinazohusishwa na nyota kuliko mizunguko yake. Hapa Kiswahili kina tatizo lake, kwa maana neno unajimu hubeba mizigo yote miwili, elimu ya nyota na ubashiri wa nyota. Ndiyo sababu mimi humwachia mwanasayansi neno falaki.

Miongoni mwa sayari hizo saba, tano zina majina ya Kiswahili tangu zamani: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Zinaonekana kwa macho, na wenye elimu ya nyota walizijua. Uranus haina jina la namna hiyo, kwani hakuna aliyeitambua kuwa sayari hadi tarehe 13 Machi 1781. Aliyeigundua alikuwa mwanamuziki. William Herschel alizaliwa Hanover, Ujerumani, mwaka 1738, akapiga obo katika bendi ya jeshi, akahamia Uingereza, na hatimaye akawa mpiga kinanda wa kanisa moja mjini Bath, kusini ya Cheltenham. Alitunga simfoni 24. Mchana alifundisha muziki; usiku alichunguza mbingu kwa darubini aliyoitengeneza kwa mikono yake. Mwanzoni alidhani ameona nyota yenye mkia. Dada yake, Caroline, aliimba soprano katika maonyesho yao, akamsaidia kaka yake kuandika hesabu, kisha akagundua nyota zenye mikia zipatazo nane. Mwaka 1828 chama cha wanafalaki cha Uingereza kilimtunuku nishani yake ya dhahabu. Angekuwa mwanafunzi wetu leo, sijui tungemwambia achague mkondo gani.

Wapo wanaosikia habari kama hizi na kukimbilia kusema kwamba muziki wa kiklasiki huongeza akili. Mimi siendi nao. Mwaka 1993 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi mfupi uliofanyiwa wanafunzi 36 wa chuo, ambao walifanya vizuri zaidi jaribio la maumbo baada ya kusikiliza Mozart kwa dakika kumi. Faida yenyewe ilidumu yapata robo saa. Kutokana na robo saa hiyo wafanyabiashara wakauza kanda za kuwafanya watoto wachanga kuwa mabingwa, na hata shule zikaingia mkumbo. Muziki si dawa ya kunywesha ubongo. Thamani yake kwa mwalimu wa sayansi ni kwamba ni jambo la kimaumbile ambalo mtoto tayari analifahamu kwa sikio kabla hajaelezwa.

Hebu nieleze ninavyouona mhadhara mmoja. Chukua uzi wa gitaa. Ukiubana katikati, nusu inayobaki itatoa sauti ile ile, oktava moja juu: do ya chini imekuwa do ya juu. Ukiacha theluthi mbili za uzi zitetemeke, utapata so. Uwiano wa kwanza ni 2 kwa 1, wa pili 3 kwa 2. Kila mwalimu wa kwaya anayefundisha kwa do-re-mi anaujua umbali huu, na watoto wake wanaweza kuuimba wakiamshwa usingizini. Sasa panda kutoka do hadi so, ifanye hiyo so kuwa do mpya, upande tena hadi so yake, na uendelee hivyo mara kumi na mbili. Sikio litakwambia umefika nyumbani, kwenye do iliyo oktava saba juu ya ile uliyoanza nayo. Kalamu itakukatalia. Kipeo cha 12 cha 1.5 ni takribani 129.75, ilhali kipeo cha 7 cha 2 ni 128 kamili. Hazilingani, na hazitalingana hata ukipanda mpaka kiyama, maana 3 ikizidishwa kwa yenyewe mara yoyote hubaki witiri, na 2 hubaki shufwa.

Je, piano hufanyaje, nayo ina do zinazolingana kutoka mwisho hadi mwisho? Jibu ni kwamba fundi wake hudanganya kidogo. Kila so ya piano imepunjwa, kiasi kidogo mno, ili upungufu ugawanywe sawasawa na asiwepo wa kulalamika. Mwaka 1722 Johann Sebastian Bach alikamilisha kitabu cha kwanza cha vipande vya kinanda katika ngazi zote 24, kuthibitisha kwamba kinanda kilichokazwa kwa busara kinaweza kuzipiga zote. Mwenye nyatiti, kwa upande wake, huzikaza nyuzi zake nane kwa sikio lake na kwa koo lake la kuimbia, wala halazimiki kumtii fundi wa piano. Waweke jukwaani fundi wa piano, mpiga nyatiti na mwalimu wa hisabati. Mwanafunzi aliyekuwa akijiuliza vipeo vinamfaa nini maishani atakuwa amevisikia. Kisha okestra ipige Bach, na hakuna atakayehitaji kuambiwa anyamaze.

Mhadhara wa pili ningeudai kwa ajili ya taaluma yangu, na natumai nitavumiliwa. Mwaka 1863 Hermann von Helmholtz, daktari na mwanafizikia wa Ujerumani, alitoa kitabu kinachoeleza msingi wa muziki kwa fizikia ya sauti na maumbile ya sikio. Katika uchunguzi wake alitumia uma za sauti zilizotetemeshwa kwa umeme, akazichanganya kwa nguvu mbalimbali mpaka zikatamka kitu kinachofanana na irabu za binadamu. Sisi wanafonetiki tungali tunaishi kwa urithi huo. Mwimbaji akishikilia sauti moja tu na kutamka a, e, i, o, u, mtetemo mkuu haubadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni umbo la kinywa, ambalo huikuza baadhi ya mitetemo midogo iliyo juu ya ule mkuu na kuifisha mingine. Kwa kipaza sauti na tarakilishi ya kawaida jambo hili huonekana ukutani, mistari ikipanda na kushuka kila mwimbaji anapobadili irabu. Hakuna lugha inayofaa kwa onyesho hilo kuliko hii yetu yenye irabu tano zilizo wazi kama mchana.

Kuna suala jingine hapo ambalo makanisa yetu yangalinufaika nalo. Kiswahili sanifu si lugha ya toni, lakini Gikuyu, Kikamba na Dholuo ni lugha za toni: neno likipandishwa pasipostahili laweza kupata maana nyingine au kupoteza maana kabisa. Nyimbo za dini zilipotafsiriwa na kutiwa katika lahani za Ulaya, mara nyingi lahani ilipanda pale ambapo neno lilitaka kushuka. Vizazi vya waumini wameimba maneno ambayo, yakitamkwa hivyo sokoni, yangemshangaza muuzaji. Kwaya na mtaalamu wa toni wakikaa pamoja jukwaani wataeleza zaidi kuhusu lugha zetu kwa nusu saa kuliko ninavyoweza mimi kwa muhula mzima wa mihadhara ya saa mbili mbili mchana, wanafunzi wakiwa wameshiba.

Nitaambiwa kwamba tayari tuna matamasha. Naam, tunayo, na tunajivunia. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927. Tuna pia maonyesho ya kitaifa ya sayansi na uhandisi ya wanafunzi, ambayo wengi wa rika langu tuliyajua kama Kongamano la Sayansi. Lakini hili na lile hazikutani. Mwalimu wa muziki ana basi lake na mwalimu wa fizikia ana basi lake, na wote wawili hurudi shuleni na vikombe vinavyowekwa katika kabati moja ofisini mwa mwalimu mkuu. Kabatini ndimo muziki na sayansi hukutana.

Na pale tunapojaribu kuziunganisha, huziunganisha visivyo. Katika tamasha la muziki kuna vitengo vya nyimbo zinazotungwa kwa mada za kuelimisha jamii: kilimo, afya, kodi, mazingira. Watoto hupiga makofi, hukunja mikono na kuimba kwamba sayansi ni ngao. Sibezi jitihada za watunzi, ambao wengi wao ni walimu wanaolala saa nane za usiku wakati wa mashindano. Lakini kusifu sayansi kwa sauti nne hakumfundishi mtu sayansi, kama vile kusifu uji hakumshibishi mwenye njaa. Muziki hapo umekuwa tarishi wa kubeba tangazo. Katika tamasha ninalolipendekeza hakuna anayembeba mwenzake. Kila mmoja anakuja na lake, na mhadhara unasimama juu ya kitu ambacho sikio limekwisha kukisikia.

Kuhusu wanaosema kwamba Bach na Beethoven ni wa Wazungu na hawatuhusu, nadhani hoja hiyo imejibiwa Korogocho. Tangu 2008 mradi wa Ghetto Classics umewafundisha vijana wa mtaa huo fidla, tarumbeta na klarineti, na sijasikia kwamba tarumbeta iliwauliza kabila lao.

Sasa nifike kwenye lile sharti la lugha, maana bila hilo yote niliyoyasema ni mapambo. Okestra haihitaji mkalimani. Lakini mara tu mwanasayansi anapopanda jukwaani na kuanza kuzungumza Kiingereza cha maabara, nusu ya ukumbi hubaki nje ya mlango ingawa imekaa vitini. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, lakini tumekiachia siasa, dini na mpira. Twaambiwa hakina istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Mtetemo, wimbi, mwangwi ni maneno ya kila siku. Neno masafa analijua kila msikilizaji wa redio. Kinachokosekana ni mazoea ya kuyatumia mbele ya watu.

Lugha isiyohudhuria husahauliwa. Mwaka 1977 Wamarekani walirusha vyombo viwili vya Voyager kwenda nje ya jamii ya sayari zetu, kila kimoja kikiwa na santuri ya dhahabu. Santuri hiyo ni tamasha la muziki na sayansi lililo mbali kuliko yote: imo michoro ya kisayansi, amo Bach mara tatu, yumo Beethoven, umo wimbo wa wasichana wa Wambuti wa msitu wa Ituri. Zimo pia salamu kwa lugha 55. Kiganda kimo. Kisumeri, ambacho hakijawa na mzungumzaji kwa maelfu ya miaka, kimo. Kiswahili hakimo. Wanaosema lugha yetu ni ya kimataifa, nami nikiwamo, tunafaa kulikumbuka hilo kila tunapotunga hotuba za kujipongeza.

Basi lifanyike wapi tamasha la kwanza? Wengi watapendekeza ukumbi wenye mazulia katikati ya Nairobi, au chuo kikuu changu au chenu. Mimi nasema Korogocho. Okestra iko, ukumbi wa kanisa au wa shule hautakosekana, na mada ya mhadhara inaonekana kutoka dirishani. Mtaa huo unapakana na jaa la Dandora. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti kuhusu watoto 328 wanaoishi karibu na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichohesabiwa wakati huo kuwa cha hatari. Namaanisha madini, msomaji, si ile ya bunduki, ingawa lugha haikukosea sana kuziita kwa jina moja. Ripoti ilitolewa kwa Kiingereza, na makao makuu ya shirika lililoitoa yako Gigiri, mwendo mfupi kwa gari kutoka kwenye jaa lenyewe.

Mpiga tarumbeta huishi kwa pumzi. Mwalimu wake humfundisha kuvuta hewa hadi chini kabisa ya mapafu, aishike, aitoe polepole. Nataka mwanakemia asimame baada ya kipande cha kwanza, tarumbeta zikiwa bado mapajani mwa wenyewe, aeleze kwa Kiswahili hewa hiyo ina nini, moshi wa plastiki huzaa nini, risasi huingiaje damuni na hukaa mfupani kwa muda gani, na ni nani mwenye mamlaka ya kupima damu ya mtoto bila malipo. Dakika thelathini zamtosha. Okestra irejee na kipande cha pili. Halafu kipaza sauti kishuke chini kwa wazazi, na muda wa maswali usipungue saa nzima, kwa kuwa maswali yao yamesubiri tangu 2007.